Hema la Kuoteshea Mimea Chumbani: Tathmini Baada ya Miezi Minane Kiamunyi

Hema ninalolizungumzia lina upana wa sentimita 60 kila upande na kimo cha sentimita 140, nalo limesimama katika chumba cha wageni cha nyumba yetu hapa Kiamunyi, Nakuru, tangu mwezi wa Machi. Kwa nje ni kitambaa kizito cheusi kisichopitisha mwanga, na kwa ndani limetandikwa utando wa rangi ya fedha unaorudisha mwanga kwenye mimea. Pamoja nalo nililetewa taa ya LED ya wati 100, feni ya kutoa hewa, chujio la mkaa, saa ya kuwasha na kuzima taa, na kipimajoto kidogo kinachoonyesha pia unyevu wa hewa. Seti nzima ilinigharimu shilingi 18,500, nauli ya kuletewa mzigo ikiwemo. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaolima kwenye ploti za futi 50 kwa 100, ambao wameanza kuyaona mahema haya yakiuzwa mtandaoni kwa ahadi kwamba mtu ataotesha mbegu, akuze mmea na kuvuna bila kutoka chumbani. Kwa yale niliyoyapima mwenyewe, ahadi hiyo ni ya kweli hadi siku ile mche unapofaa kuhamishwa. Kuanzia hapo, mwenye hema analipia kwa tokeni za stima mwanga ambao jua la Nakuru lingempa bure.

Sikulinunua hema kwa kufuata mtindo. Mwaka juzi nilinunua miche 200 ya pilipili hoho kutoka kitalu kimoja ambacho sitakitaja, nikaipanda kwa uangalifu wote niliokuwa nao, na kwa wiki mbili ikapendeza. Wiki ya tatu, mmoja baada ya mwingine ilianza kulegea majani saa za mchana na kujiinua tena jioni, hadi siku ilipolegea moja kwa moja ikiwa bado ya kijani. Nilikata shina la mmoja karibu na udongo, nikalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi na kusubiri. Baada ya dakika chache, nyuzi nyembamba nyeupe zilianza kushuka kutoka kwenye kidonda cha shina, zikielea majini kama maziwa yaliyodondoshwa kwa sindano. Hiyo ndiyo dalili ya mnyauko wa bakteria, ugonjwa usio na dawa ya kunyunyizia, ambao ukishaingia kwenye udongo hukaa humo kwa miaka. Robo ya ploti yangu ikawa haifai tena kwa hoho, nyanya, biringanya wala viazi, na mpaka leo hapo napanda mahindi na sukuma wiki tu. Sina njia ya kuthibitisha kwamba bakteria hao walikuja na miche, lakini sehemu hiyo ilikuwa haijawahi kupandwa mmea wowote wa jamii ya nyanya, na ploti ya jirani haikuwa na ugonjwa. Tangu siku hiyo niliazimia kwamba mche utakaoingia kwenye udongo wangu utatokana na mbegu niliyoifungua mimi mwenyewe.

Ugumu ni kwamba hoho hupenda joto. Mbegu zake huota vizuri zaidi udongo ukiwa na nyuzijoto kati ya 25 na 30, ilhali Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Agosti alfajiri zake ni za kuvaa sweta. Nyanya huvumilia kidogo, na sukuma wiki haijali kabisa. Hoho iliyomwagiwa maji ya baridi katika udongo wa baridi hukaa wiki mbili au tatu bila kuonyesha chochote, na nyingine huozea humo humo. Anayetaka kuvuna Septemba na Oktoba lazima asie wakati huo wa baridi, na hapo ndipo nilipoona kwamba kisanduku chenye joto na mwanga kinaweza kunifaa.

Sasa nitaje jambo ambalo wauzaji hawalisemi, nalo ndilo lililoniharibia mkupuo wa kwanza. Mahema ya aina hii yamesambaa duniani kwa sababu ya bangi. Katika nchi ambazo sheria inamruhusu mtu mzima kukuza mimea michache nyumbani, kwa mfano Kanada tangu 2018, ambako majimbo mengi huruhusu mimea 4 kwa kila nyumba, na Ujerumani tangu 2024, ambako ruhusa ni mimea 3 kwa mtu mmoja, watu huotesha mbegu, hukuza na kuvuna ndani ya mahema kama hili. Vipimo vyake, nguvu ya taa, chujio la mkaa la kunyonya harufu, hata maelezo yaliyomo kwenye kijitabu, vyote vimepangwa kwa ajili ya mmea huo mmoja. Hapa Kenya kulima bangi ni kosa la jinai chini ya sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya 1994, hata uwe mche mmoja ndani ya chumba, na sifikirii kwamba kuna msomaji wangu anayehitaji kubahatisha uhuru wake. Hema lenyewe, taa na feni havina kosa. Kosa ni kufuata kijitabu kana kwamba mmea wako ndio ule kilichoandikiwa.

Kijitabu changu kilisema taa iwashwe saa 18 kwa siku katika wiki za kukua, ikae sentimita 30 juu ya mimea kwa nguvu yote, kisha ipunguzwe hadi saa 12 ili mmea uchanue. Bangi huhitaji badiliko hilo kwa sababu huanza kuchanua usiku unaporefuka, kama inavyotokea katika nchi za mbali na ikweta majira ya joto yanapokaribia mwisho. Hoho haisubiri ishara hiyo. Huchanua inapofikia umri na ukubwa wake, usiku uwe mrefu au mfupi. Sisi hapa, tulio chini ya nusu digrii kutoka kwenye mstari wa ikweta, tuna mchana wa takriban saa 12 mwaka mzima, na hoho zetu huchanua mwezi wowote. Mimi sikuyafikiria hayo mwezi wa Aprili. Nilifuata maagizo neno kwa neno, na miche ilipokuwa na majani mawili ya kweli, majani hayo yalianza kupauka kati ya mishipa, kisha kingo zake zikajikunja kuelekea juu kama kikombe. Nilidhani imekosa mbolea, nikaiongezea, nikaizidishia taabu. Niliitupa trei nzima siku ya 24.

Kabla sijaeleza mkupuo wa pili, niseme kidogo kuhusu majirani, kwa sababu anayeishi katika mtaa kama wetu atalipata swali hili. Taa yangu huwaka usiku, na ingawa hema lenyewe limezibwa, madirisha yake madogo ya wavu huvujisha mwanga mweupe mkali unaoonekana hadi barabarani. Wiki ya pili mzee wetu wa Nyumba Kumi alibisha hodi, akakaribishwa, akanywa chai, ndipo akasema, "Mwalimu, nisamehe, lakini watu wameniuliza hicho chumba kinachowaka usiku kucha kina nini." Nilimpeleka chumbani, nikafungua zipu. Aliinama akatazama trei, akasugua jani moja kwa vidole na kulinusa, akaniuliza kama nikihamisha miche nitambakishia sita. Nilimwekea kumi. Ushauri wangu kwa atakayenunua ni kuwaonyesha jirani na mzee wa mtaa mapema, kabla maneno hayajaanza kutembea, na kuweka pazia zito dirishani.

Mkupuo wa pili niliusia tarehe 18 Mei, na huo ndio ninaoutegemea katika tathmini hii. Nilitumia mbegu za California Wonder, ile hoho ya kawaida ya kijani inayogeuka nyekundu ikiachwa ikomae, zenye kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, ambacho mtu hukwaruza na kutuma namba yake ya siri kwa 1393 ili ahakikishe kwamba pakiti si ya kughushi. Trei mbili za mashimo 128 zilitosha sawasawa kwenye sakafu ya hema, bila kubakiza hata nafasi ya kikombe. Trei ya tatu, ya mashimo 128 vilevile, niliiweka nje kwenye kihandaki cha nailoni kilichoshikiliwa na fito, jinsi ambavyo nimekuwa nikifanya miaka yote, ili nipate cha kulinganishia. Mbegu zilitoka pakiti moja. Kokopiti, yaani yale makumbi ya nazi yaliyosagwa, ilitoka tofali moja la kilo 5 nililolilowesha na kuliosha mara tatu ili kuondoa chumvi. Maji yalikuwa ya mvua, yaliyokingwa kutoka kwenye mabati, kwa kuwa maji ya visima vya upande wetu yana floraidi na magadi na huacha unga mweupe kwenye majani na kwenye midomo ya mashimo ya trei.

Safari hii niliinua taa hadi sentimita 50 juu ya trei, nikaipunguza hadi asilimia 60 ya nguvu yake kwa kile kitufe cha pembeni, na nikaipangia saa 14: kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili asubuhi. Mpango huo wa usiku ndio uamuzi bora kuliko yote niliyoyafanya. Taa hutoa joto pamoja na mwanga, na ikiwaka usiku joto hilo huja wakati linapohitajika. Ikiwaka mchana, hema hupata joto juu ya joto. Alfajiri moja ya mwisho wa Mei, saa kumi na moja, nilisoma vipimajoto vyote viwili: ndani ya hema nyuzijoto 23, kwenye kihandaki nje 11.

Vishingo vya kwanza vilijitokeza ndani ya hema siku ya 8. Aliyewahi kuotesha hoho anajua kwamba mche haujitokezi wima. Hutoka umejikunja kama sindano ya kushonea magunia, mgongo ukitangulia, na kofia ya mbegu bado imebana majani. Hewa ikiwa kavu, kofia hiyo huganda na mche hubaki umefungwa macho kwa siku kadhaa, wengine hadi kufa. Ndani ya hema unyevu ulikaa karibu asilimia 70 na kofia zilianguka zenyewe. Nilihitaji kuwasaidia watatu tu, kwa tone la maji na ukucha. Kufikia siku ya 13, mashimo 238 kati ya 256 yalikuwa na mche. Kwenye kihandaki, wa kwanza alitoka siku ya 17, na kufikia siku ya 26 nilihesabu 83 kati ya 128. Kisha kinyausi kikaingia nje, ule ugonjwa unaokata mche kwenye usawa wa udongo kana kwamba umebanwa kwa kibano, kikachukua 21. Ndani ya hema hakikuchukua hata mmoja, na sifa hiyo naipa feni, ambayo ilikausha uso wa kokopiti kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine.

Kokopiti haina chakula, kwa hiyo majani mawili ya kweli yalipofunguka nilianza kuipa miche mbolea ya 19:19:19, gramu moja kwa lita moja ya maji, mara mbili kwa wiki. Nilimwagilia kwa kulowesha trei kutoka chini kwenye sinia. Miche ilikuwa mifupi na minene, pingili zake zikikaribiana, rangi ya kijani kilichokolea. Stima ilipotea usiku mmoja mzima mwezi wa Juni, joto likashuka hadi nyuzi 15, na asubuhi miche ilikuwa imesimama kama kawaida.

Kosa dogo nililifanya wakati wa kuikomaza. Mche uliolelewa hemani haujawahi kuonja upepo wala jua lenyewe, na majani yake ni laini kama ya mchicha. Nilianza kwa kuitoa nje varandani kwa muda wa saa moja asubuhi na kuongeza saa moja kila siku kwa muda wa wiki moja, lakini siku ya tatu nililemewa na kazi ya shule na kuisahau hadi saa saba mchana. Miche 9 ilibabuka. Tarehe 6 Julai, siku ya 49, nilipata miche 229 mizima: 10 ikaenda kwa mzee, 215 ikaingia ardhini, na 4 nikaibakiza hemani kwa jaribio nitakalolieleza hapa chini. Ya nje ilipofikia umri wa kuhamishwa, Agosti ilikuwa inakaribia. Kutoka kwa miche ya hema nilichuma hoho za kwanza za kijani tarehe 21 Septemba, na shambani sikuona mnyauko hata kwenye mche mmoja.

Gharama ya stima kwa siku hizo 49 ni hesabu rahisi. Taa ikitumia wati 60 kwa saa 14 na feni wati 20 kwa saa 24, jumla ni uniti 1.32 kwa siku, au karibu uniti 65 kwa kipindi chote. Kwa tokeni nilizonunua, uniti moja ilinitoka shilingi 28 hivi, kwa hiyo nililipa takriban shilingi 1,811, yaani kama shilingi 8 kwa kila mche, kabla ya mbegu na kokopiti. Mche wa California Wonder vitaluni hapa Nakuru nimekuwa nikiuziwa shilingi 5. Basi asinunue mtu hema hili akidhani ataokoa pesa kwenye hoho za kawaida, hataziokoa. Pesa zitaokolewa kwenye hoho chotara za manjano na nyekundu, ambazo mche wake niliitishwa shilingi 30, au zitaokolewa kwa namna ambayo haionekani kwenye risiti, kama vile udongo usioletewa ugonjwa. Kwangu mimi sababu hii ya pili inatosha. Anayetazama robo ya ploti yake iliyofungwa kila anapofungua dirisha la jikoni ataelewa.

Sasa ile miche minne. Niliipanda kwenye ndoo za lita 10 zilizotobolewa chini, nikaiacha hemani, nikapandisha taa hadi nguvu yote ya wati 100 kwa saa 14, nikaitunza kama mayai hadi tarehe 15 Novemba. Mwezi wa kwanza ilikua haraka kuliko ndugu zake wa shambani na ilichanua siku kumi mapema. Kisha maua yakaanza kudondoka. Ua la hoho hujichavusha lenyewe, lakini huhitaji kutikiswa, na shambani upepo na nyuki hufanya kazi hiyo bila kuombwa. Hemani nililazimika kuyagonga kwa kidole kila asubuhi. Joto nalo, siku za jua kali chumba kilipopashwa na mabati, lilipanda hadi nyuzi 34, na hoho huangusha maua joto likipita nyuzi 32 hivi. Mwezi wa Agosti wakaja vidukari. Jinsi walivyoingia sijui, pengine kwenye mkono wa shati langu, lakini walijikuta katika nchi isiyo na adui: hakuna mvua ya kuwaangusha, hakuna wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi ambao shambani huwala kutwa nzima. Ndani ya siku sita, upande wa chini wa kila jani changa ulikuwa umejaa, na utomvu wao mtamu ulidondoka hadi sakafuni ukanata. Niliwaosha kwa maji ya sabuni kila siku ya pili kwa wiki tatu. Sikutaka kunyunyizia dawa kali ndani ya nyumba tunamolala, na namsihi yeyote asifanye hivyo.

Mavuno ya mimea hiyo minne yalikuwa kilo 4.3. Stima ya siku 132, taa na feni pamoja, ilikuwa karibu uniti 248, yaani shilingi 6,950 hivi. Ukigawanya, kilo moja ya hoho ilinigharimu zaidi ya shilingi 1,600 kwa stima peke yake, wakati ambapo sokoni Wakulima nilikuwa nikinunua kilo kwa shilingi 100, na shambani kwangu, hatua arobaini kutoka kwenye hema hilo, hoho zilikuwa zinaniivia bila malipo. Jua la saa sita, mbingu ikiwa wazi, humwaga takriban wati 1,000 juu ya kila mita moja ya mraba. Eneo la hema langu, mita za mraba 0.36, lingepokea wati 360. Taa yangu, hata ikiwaka kwa nguvu yote, hula wati 100, na sehemu kubwa ya hizo hugeuka joto badala ya mwanga. Katika nchi ambako jua hupotea miezi minne, au ambako zao lenyewe lina bei ya juu mno, mtu anaweza kuona faida. Kwa mboga za Nakuru sioni hesabu itakayokubali.

Kuhusu ubora wa vifaa, kitambaa na fremu ni imara, wala sina neno. Zipu ya mbele ni ya plastiki nyembamba na ilianza kuachia meno mwezi wa tano; fundi wa viatu hapa mtaani aliibadilisha kwa shilingi 250 na kuweka ya chuma ambayo ni bora kuliko ya kwanza. Taa haijapunguza mwanga wake kwa namna ninayoweza kuiona, ila kisanduku chake cha umeme hupata moto kiasi cha kutogusika, kwa hiyo nilikitoa nje ya hema na kukining'iniza hewani. Plagi zote zilikuwa za miguu miwili ya mviringo. Naomba sana zisiunganishwe kwa adapta za bei rahisi zinazolegea, maana vifaa hivi huwaka watu wakiwa wamelala. Mimi nilimwita fundi wa umeme akaweka plagi za miguu mitatu. Feni ilikuja ikikwaruza. Muuzaji, ambaye simtaji, alichukua siku 19 kuleta nyingine, na kwa siku hizo zote alijibu ujumbe wangu mara mbili tu, bila neno la kunipa pole. Iliyoletwa baadaye inafanya kazi kimya. Saa ya kuwashia taa ni nzuri, lakini stima ikipotea husimama na kubaki nyuma, kwa hiyo lazima irekebishwe kila mara kwa mkono. Nilipokosa kuirekebisha, taa iliwaka mchana kutwa na miche ikakaa gizani usiku.

Kwa mwenye shamba la eka moja au zaidi, hema hili ni dogo mno na asisumbuke nalo. Kwa anayeishi Kisumu, Busia au kokote kwenye joto la ziwa, sioni atalifanyia nini, kwa kuwa mbegu za hoho huko huota chini ya mti. Kwa mkulima wa ploti aliye Nakuru, Njoro au Molo, ambaye anataka miche isiyozidi 250 kwa mkupuo na anaumizwa na baridi au na miche ya kuokoteza, nalipendekeza, kwa sharti kwamba kila mche utoke humo ukitimiza wiki saba. Akiweza kununua hema, taa na feni kivyake bila chujio la mkaa, anunue hivyo, kwa sababu miche ya hoho haina harufu ya kuchujwa na mboga nyingine hazina pia.

Wiki hii hemani mna trei mbili za nyanya zilizoota juzi. Nimeipunguza taa hadi nusu kwa kuwa usiku wa Novemba si wa baridi sana, na zipu ya juu naiacha wazi kwa upana wa kiganja ili hewa ipite. Chujio la mkaa liko juu ya kabati, ndani ya nailoni yake, kama lilivyokuja mwezi wa Machi.